Nguo za Faraji

Watu wa kijiji walimwona Faraji mara tatu baada ya kufa. Mara mbili za kwanza walimwamkia, wakampisha njia, wakamwita afande. Mara ya tatu ndipo walipojua kwamba Faraji ni marehemu, na kwamba aliyekuwa ndani ya zile nguo za jeshi ni dada yake, Biubwa binti Mwinyimadi, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akichoma chapati Kwa Mathias, Kibaha.

Lakini kisa hiki hakianzi na nguo. Kinaanza na shamba.

Mzee Mwinyimadi alikuwa na ekari kumi na moja katika kijiji kimoja cha kata ya Vihingo, wilaya ya Kisarawe. Mikorosho aliipanda baba yake, minazi aliipanda yeye, mihogo aliipanda mkewe Mwanakheri kila masika, na pembeni, ndani ya kichaka ambacho hakuna aliyethubutu kukifyeka, walilala watu saba wa ukoo wao. Zamani shamba kama hilo halikuhitaji karatasi. Ukiulizwa mpaka wako uko wapi, ulisema unaanzia kwenye mkwaju wa fulani na kuishia kijitoni, na fulani akiitwa alisema ndiyo, basi. Leo mtu anakuja na simu, anazunguka nayo juani kama anayetafuta sindano iliyodondoka, na jioni anakwambia ekari zako si kumi na moja, ni tisa, na hizo tisa zimeshapata mteja.

Majirani waliuza mmoja baada ya mwingine. Wakanunua pikipiki, pikipiki zikafa, wenyewe wakabaki vibarua katika mashamba yaliyokuwa ya baba zao. Aliyewatembeza wanunuzi ni Bilali, kijana wa hapo hapo, mjukuu wa ngariba aliyewatahiri watoto wa kijiji kizima. Babu yake aliujua ukoo wa kila aliyepita mikononi mwake. Bilali alijua shamba gani lina mwenyewe mgonjwa, shamba gani lina ndugu wanaogombana. Hata hivyo, kila alipofika kwenye mpaka wa Mzee Mwinyimadi alikata kona.

"Hapo tuache, bosi," alimwambia mnunuzi wake, mtu wa mjini ambaye jina lake halikuwahi kujulikana kijijini. "Hapo pana mwanajeshi."

Mwanajeshi mwenyewe alikuwa Faraji, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyimadi. Alikwenda JKT kwa kujitolea, akakaa miaka miwili, akalima, akachimba, akalala porini. Majina ya walioajiriwa yalipotoka, lake halikuwemo. Akaona haya. Akampigia baba yake simu akamwambia, "Baba, nimechukuliwa." Mzee akachinja jogoo. Baada ya hapo uongo ule haukuwa na mlango wa kutokea.

Kazi yake ya kweli ilikuwa kulinda ghala la saruji Kibaha, kwa rungu na filimbi. Biubwa, aliyepanga naye chumba na sebule karibu na stendi ya Kwa Mathias, ndiye peke yake aliyeijua siri hiyo. Alijua pia kwamba chini ya godoro la kaka yake kulikuwa na gwanda moja, shati na suruali, na kofia yake na buti zake, alizozipata kwa mtu asiyeuliza maswali. Faraji alizivaa mara mbili kwa mwaka, siku za Idi, tena si njia nzima. Alizivalia kwenye mikorosho ya mwisho kabla ya kijiji, akatembea nazo hadi uani kwa baba yake.

"Kaka, utafungwa," Biubwa alimwambia.

"Kwa kumfurahisha baba?"

"Kwa kuvaa nguo isiyo yako."

"Nimezitolea jasho miaka miwili, Biubwa. Waliokosea ni walioniambia nizivue."

Jumanne moja ya mwezi wa Rajabu, Faraji alikuwa akivuka barabara ya Morogoro kwenda kazini. Lori lililokuwa likikimbilia mizani halikusimama. Watu wa msikiti na madereva wa bodaboda walifanya yote yaliyotakiwa. Alasiri hiyo hiyo akazikwa. Biubwa alipiga simu nyumbani tangu asubuhi, lakini simu ya wazazi wake ilipata mtandao pale tu mama yake alipopanda kilima cha nyuma ya shule. Kila alipopiga aliambiwa haipatikani. Jioni, akiwa amekaa kwenye jamvi la kuazima, wanawake wawili wa jirani wakiwa kando yake, simu ikaita.

"Hallo, mama."

Mwanakheri hakungoja salamu. Kupanda kile kilima kulikuwa kumemmaliza pumzi. "Biubwa, mwambie kaka yako aje. Wamekuja na vigingi. Bilali na watu wengine watatu. Wanasema Jumamosi wanachimbia. Baba yako amewafukuza kwa fimbo, ameanguka, sasa kalala, kifua kinambana. Wanasema mwanajeshi gani huyo asiyeonekana tangu Idi ya mfungo tatu. Unanisikia? Mwambie Faraji aje Jumamosi, aonekane tu, hata asiseme kitu."

Biubwa alifungua kinywa aseme. Neno lilikuwepo, ndilo alilokuwa akilipigia simu tangu saa nne asubuhi.

"Atakuja, mama," akasema.

Alikaa na neno hilo hadi Ijumaa. Ijumaa akamwendea Laurensia, jirani aliyekuwa akisuka watu nywele barazani, akamwomba amnyoe zote.

"Nywele hizi nimezisuka mimi, wiki haijaisha," Laurensia alisema, mkasi mkononi. "Kwenu mnanyoa hivi mkifiwa?"

"Safari hii tunanyoa."

Walikuwa wanafanana, Faraji na Biubwa. Tangu utotoni watu walisema mmoja amechapwa kwa mwingine. Urefu mmoja, mabega yale yale. Sauti yake Biubwa ilikuwa nzito kidogo, na ukiifanya nzito zaidi ukasema maneno machache, ilipita. Kilichobaki kilikuwa mwendo. Faraji aliwahi kuanguka kutoka kwenye mnazi akiwa na miaka kumi, na tangu hapo aliuburura kidogo mguu wake wa kushoto. Biubwa alijifunza kuburura mguu huo katika chumba cha marehemu, kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani, akilia.

Jumamosi alipita Mlandizi, akachukua bodaboda, akashuka kabla ya kijiji. Nyuma ya mikorosho akavua dera na mtandio, akafunga kifua kwa kipande cha kanga, akavaa gwanda. Buti zilimpwaya, alijaza matambara.

Bilali na wenzake walikuwa wameshafika, vigingi vimelazwa chini kama kuni. Walimwona akija taratibu kwenye njia ya katikati ya mihogo. Wakaacha kuongea.

"Afande!" Bilali alisema, akiwahi kucheka. "Umeingia lini, kamanda? Sisi hapa tunapita tu, tunaangalia angalia maeneo."

Biubwa alikunja mikono kifuani. Alivitazama vigingi, akamtazama Bilali, akavitazama tena vigingi.

"Fresh, afande. Tunaviondoa. Hakuna noma."

Wakaanza kuviokota. Mwanakheri alikuwa ametoka jikoni, amesimama uani, uso wote umefunguka kwa furaha. Biubwa akamsogelea na kusema kwa ile sauti nzito, "Shikamoo, mama." Na aliposema, goti lake la kulia likakunjika kidogo.

Ni jambo dogo. Wasichana wa kwao walifunzwa kulikunja goti wanapomwamkia mkubwa, walifunzwa ndani, wakiwa wali, na makungwi wao. Ukishafunzwa, mwili wenyewe unafanya. Mvulana haamkii hivyo. Vijana wale wa vigingi hawakuona kitu, maana hawakujua kama kuna kitu cha kuona. Siku hizi msichana anaamkia huku anatafuna. Mwanakheri ndiye aliyeona. Furaha ilibaki usoni pake muda mfupi, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, kisha ikatoka.

"Marahaba," akasema. Akasogea karibu, akamshika kola ya shati kama anayeinyoosha. Akanong'ona, "Yuko wapi mwenye nguo?"

Machozi yalimjibia Biubwa.

Hatua thelathini kutoka pale Bilali alikuwa bado anaokota vigingi, na jicho lake liko kwao. Mwanakheri akaachia kola. Akageuka, akaingia jikoni, akachukua mchi na kinu kisicho na kitu ndani, akaanza kutwanga. Alitwanga kwa nguvu, haraka haraka, mchi ukigonga mbao tupu, na chini ya kishindo hicho alimlilia mwanawe wa kwanza. Mzee Mwinyimadi, aliyekuwa amelala ndani, akauliza kwa sauti, "Mama Faraji, unatwanga nini saa hizi?"

"Kisamvu," mkewe akajibu.

Mchana ule mama na binti wakapatana. Kijiji kilikuwa kimeshaanza kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Mkutano mkuu ungefanyika baada ya mwezi wa Ramadhani. Majina yangesomwa, pasipo na pingamizi shamba linaandikwa, na likishaandikwa halichimbiwi kigingi na mtu. Mpaka siku hiyo, Faraji awe hai. Mzee asiambiwe, kwa sababu kifua chake, na kwa sababu Mzee Mwinyimadi hakuwahi kuficha neno tangu azaliwe. Hakuna hitima, hakuna jamvi, hakuna kilio.

Siku ya Idi akaja tena. Mzee alikuwa amepata nafuu ya kifua, ila macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona watu kama vivuli. Alimpokea mwanawe kwa mikono miwili, akamkalisha kando yake kwenye kitanda cha kamba, akamgusagusa shati.

"Mbona umekonda? Jeshini hawawapi chakula?"

"Mazoezi, baba."

"Na dada yako? Mbona haji? Idi nzima, hata uso wake hatuuoni. Watoto wa kike wakishaonja mji, baba na mama wanakuwa watu wa kusimuliwa tu." Akatikisa kichwa. "Ukirudi mwambie sikufurahi."

"Nitamwambia, baba."

"Wewe ndiye uliyebaki kutukumbuka."

Biubwa alitazama mikono yake juu ya magoti ya suruali ya kaka yake. Alitaka kuinuka aende. Alikaa mpaka mzee akamaliza kunywa chai.

Sasa, upande wa kushoto wa kijiji, kwenye mbuga, aliishi Mashauri, Msukuma mfugaji aliyehamia huko miaka kumi na miwili nyuma. Yeye na Mzee Mwinyimadi walikuwa watani, Msukuma na Mzaramo, na waliushika utani wao kama walivyoupokea. Mashauri alikuwa akiingia uani bila hodi, anashika kuku anayemtaka, anaondoka naye. "Mtumwa wangu," alikuwa akisema, "huyu kuku kaniita mwenyewe, kasema amechoka kukaa na watu wanaocheza ngoma mpaka wanasahau kulima." Na Mzee alimjibu, "Chukua, ukale nyama leo. Majani uwaachie ng'ombe, wanalalamika unawamalizia." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Siku ya msiba mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha waliofiwa. Anazuia jeneza mpaka apewe kitu, anajilaza kwenye njia ya kaburini. Na siku ya kuvunja matanga anapewa nguo za marehemu, anazivaa mbele ya watu, anaiga mwendo wake, sauti yake, ubahili wake, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka na machozi yanatoka, na hapo msiba unakuwa umekwisha. Mtani asipofanya kazi hiyo, msiba haujafungwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kuna mshereheshaji na kipaza sauti.

Mwanakheri alivumilia mwezi mmoja, akavumilia wa pili. Kumnyima mwanawe kilio aliweza. Kumnyima mtani alishindwa. Wiki moja baada ya Idi alikwenda mbugani, akamkuta Mashauri, aliyerudi juzi tu kutoka malisho ya mbali, anakamua.

"Mtani," akamwambia, "Faraji amekufa. Kibaha, mwezi wa Rajabu. Nakuomba uiweke moyoni. Baba yake hajui."

Mashauri aliacha kukamua. Mzee mzima alikaa chini kwenye samadi.

"Matanga lini?"

"Bado. Ukiona nguo zake zimekufikia, ndiyo siku hiyo."

Alikuwa na maana kwamba, yakishapita ya shamba, atamletea gwanda lile nyumbani kwake kama haki yake. Kuhusu Biubwa hakusema kitu, kwa sababu hiyo haikuwa siri yake kuitoa. Akarudi nyumbani nafsi imetulia kwa mara ya kwanza. Biubwa hakuambiwa.

Mkutano ulifanyika Jumatano, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa na daftari kubwa. Kila jina liliposomwa aliuliza, "Kuna pingamizi?" kisha akaandika. Mzee Mwinyimadi alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Mwanakheri alikaa na wanawake. Bilali alikuwa pembeni na karatasi ya bosi wake mfukoni, pingamizi lililochapwa kwa mashine. Na nyuma ya watu wote alisimama mwanajeshi, mikono kifuani, kofia imeshushwa usoni.

Bilali alitazama nyuma mara tatu. Karatasi haikutoka mfukoni.

"Mwinyimadi, ekari kumi na moja," Mwenyekiti akasoma. "Kuna pingamizi?"

Mwenyekiti akashika kalamu.

Mashauri alikuwa amechelewa. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa. Aliingia uwanjani kwa nyuma, shuka begani, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule mwanajeshi. Aliona gwanda. Aliona jinsi alivyojisogeza kumpisha, akiuburura mguu wa kushoto. Akaona uso, akaujua ni wa Biubwa. Nguo za marehemu, mwendo wa marehemu, mbele ya kijiji kizima. Kwa mtu aliyelelewa kama Mashauri jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: matanga yanavunjwa. Kwamba wamechagua siku ya mkutano ili wote wawepo, aliona ni busara. Na moyo wake uliokuwa umebeba msiba ule peke yake ukafunguka, akalia na kucheka kwa pamoja, akaitupa shuka chini.

"Haya! Leo ndiyo leo!" akapaza sauti, akaanza kuburura mguu wake mwenyewe kumzunguka Biubwa. "Tazameni Wazaramo! Mtumwa wangu amekufa huko Kibaha, amezikwa na watu wasiomjua, hakuniachia hata kilemba, na leo nguo zake zinatembea zenyewe! Vua! Vua wewe, hizo zangu! Jeshi gani lilimchukua mtu anayeogopa mbuzi?"

Wazee watatu au wanne walitabasamu, kwa mazoea tu, mwili ukikumbuka. Kisha wakasikia walichokisikia, na tabasamu likafa. Vijana hawakuelewa kitu. Mmoja akasema, "Huyu mzee kalewa?" Bilali peke yake ndiye aliyeshika neno moja: amekufa. Alishatoa simu, anarekodi.

"Mashauri," Mzee Mwinyimadi akaita.

"Naam, mtani."

"Nani amekufa Kibaha?"

Mashauri akasimama. Akamtafuta Mwanakheri kwa macho. Akamwona amejiziba kinywa kwa kanga. Hapo akaanza kufahamu, lakini maneno hayarudi.

"Mtani," mzee akasema tena, "huo ni utani, au ni msiba?"

"Ni vyote viwili, mtani," Mashauri akajibu kwa sauti ndogo. "Si ndivyo ulivyo utani wetu? Kwani... hujaambiwa?"

Mzee akainuka. Aligeukia upande wa nyuma, akavitazama vivuli, akatafuta kile kirefu chenye rangi ya majani.

"Faraji," akasema. "Sema neno, mwanangu, huyu Msukuma aaibike."

Neno moja. Biubwa alilijua neno lenyewe: nipo. Nipo, baba, kwa sauti nzito, na Mashauri angeonekana mzee aliyezidisha utani, watu wangecheka, Mwenyekiti angeandika. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Alikuwa ameshamdanganya baba yake siku ya Idi, na aliweza. Lakini siku ya Idi mzee aliuliza habari za walio hai. Leo alikuwa anauliza kama mwanawe amekufa, na kumjibu nipo ni kumfanya baba acheke juu ya kaburi la mtoto wake.

Akavua kofia.

"Si Faraji, baba. Ni mimi, Biubwa. Kaka amekufa tangu Rajabu."

Kilio cha Mwanakheri kilipotoka kilikuwa ni kile cha siku ile ya kinu, kizima, hakijapungua. Wanawake waliinuka. Mzee Mwinyimadi hakulia. Alikaa chini, lakini kiti hakikuwa pale alipodhani, akakaa mavumbini.

"Pingamizi lipo, Mwenyekiti!" Bilali alikuwa ameshafika mezani. "Lipo kwa maandishi! Hii familia matapeli, imetuletea mwanajeshi feki miezi yote hii. Video ninayo hapa. Hili shamba halina mtu!"

"Bilali," mzee mmoja akasema, "watu wamefiwa."

"Msiba wa Rajabu, babu? Tusitafutiane huruma bana."

Mgambo wawili wakamshika Biubwa. Mashauri akawazuia kwa mikono yote miwili. "Mwacheni kwanza amlilie ndugu yake. Jamani. Mimi nimefanya kazi yangu tu. Nimefanya kazi ya mtani, nimekosa nini?" Aliwauliza wazee, akawauliza na vijana.

Biubwa alipelekwa kituoni akiwa ndani ya nguo zile zile. Huko alivuliwa, zikatiwa kwenye mfuko, zikaandikwa kuwa kielelezo. Alikaa mahabusu majuma sita. Hakimu, mtu aliyeonekana kuchoka, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwachia kwa sharti asitende kosa kwa mwaka mzima. Shamba lilikuwa limeshakwenda. Pingamizi lilipokelewa, kamati ikasema ukoo umeonyesha nia ya udanganyifu, na vuli ilipoanza nguzo za zege zilikuwa zimesimama kutoka kwenye mkwaju hadi kijitoni. Walibakiziwa nyumba, uwanja wake, na kile kichaka cha makaburi saba.

Mashauri naye alihama. Mbuga ilikuwa imezungushiwa nguzo zile zile, ng'ombe hawakuwa na pa kupita. Kabla ya kuondoka kwenda kusini alikuja kuaga. Safari hii alipiga hodi.

"Karibu, Mashauri," Mzee Mwinyimadi akasema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

Wakaagana kwa adabu, kama watu wawili waliokutana benki. Kuku walikuwa wakipita miguuni mwake, Mashauri hakumgusa hata mmoja.

Biubwa aliporudi, mzee hakumuuliza habari za shamba wala za kesi. Alikaa naye siku nzima. Jioni akauliza, "Nani alimwosha?"

"Watu wa msikiti, baba."

"Walimjua jina?"

"Walimjua. Imamu aliniuliza na jina la mama, la kusomea talakini. Nikamtajia."

"Nipeleke nikamwone."

Wakaenda Kibaha, mzee amemshika binti yake bega. Biubwa aliijua njia ya makaburini, alilijua na lango lake. Mtu mmoja alikuwa ndani akifyeka nyasi. Biubwa akamweleza: kijana aliyegongwa na lori Kwa Mathias, mwezi wa Rajabu, amezikwa alasiri.

"Wa Rajabu wengi, dada," yule mtu akasema. "Tangu hapo wamezikwa wengine wengi. Vile vibao vya mbao watu huving'oa wakapikia. Wewe siku hiyo hukuona amewekwa upande gani?"

"Sikuja. Wanawake tulibaki nyumbani."

"Na waliomleta?"

"Wa bodaboda. Wametawanyika."

Mzee Mwinyimadi alikuwa akisikiliza, uso ameuinua. "Siku hiyo ulikuwa mwanamke?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Ndiyo, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akavua makubazi, akayaacha langoni, akanyoosha mkono ili ashikwe. Wakaingia kati ya mistari. Alimwomba binti yake amsimamishe penye kila kaburi ambalo halikuwa na jina, na yalikuwa mengi, mengine nyasi zimeshayafunika. Penye kila moja aliinama kidogo akasema, "Faraji, ni baba yako," akangoja kama anayengoja kuitikiwa, kisha wakasogea kwenye lingine.